Bunduki ya babu: soma chapa kabla hujashika msasa

Tarehe 25 Novemba 1918, huko Abercorn, mji ambao leo ni Mbala nchini Zambia, jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani katika Afrika Mashariki, liliweka silaha chini. Zilipohesabiwa, ulipatikana mzinga mmoja wa Kireno, bombom (bunduki za rashasha) 37 ambazo 30 kati yake zilikuwa za Kiingereza, na bunduki 1,071 za Kiingereza na za Kireno. Bunduki ya kisasa ya Kijerumani haikuwemo hata moja. Aliyeliandika hilo ni Lettow-Vorbeck mwenyewe.

Hesabu hiyo inazigusa familia nyingi za Afrika Mashariki, pamoja na ndugu zao walioko Muscat, Leicester au Toronto, zilizobaki na bunduki ya zamani na hadithi moja fupi: babu alikuwa askari wa Mjerumani, kwa hiyo hii ni Mauser ya Mjerumani. Huenda babu alikuwa askari kweli. Huenda na bunduki ni ya vita vile kweli. Lakini askari yule aliianza vita na silaha moja, akaimaliza na nyingine aliyomnyang'anya adui, na kwa kawaida hakuondoka na yoyote kati ya hizo. Kwa askari wa Keya, yaani King's African Rifles (K.A.R.) ya Mwingereza, mambo ni yale yale: bunduki ilikuwa mali ya mfalme, ina namba kwenye daftari la ghala, na mtu akiachishwa jeshi anairudisha. Iliyobaki nyumbani mara nyingi imepita njia nyingine. Serikali iliiuza kama ziada baada ya vita, ikaingia kwa mfanyabiashara, ikanunuliwa na mwindaji au mlowezi, ikahama mikono mara tatu au nne. Hadithi ya familia iandike yote, usiitupe, kisha ukiulize chuma.

Kabla ya chuma kuna sheria. Bunduki hairithiwi kama shamba. Leseni ni ya mtu aliyetajwa ndani yake, na mtu huyo akifariki, wewe uliyebaki na bunduki huna leseni. Tanzania jambo hili liko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kenya ni Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Kote kuwili pa kuanzia ni polisi. Ukiikuta darini, usiipakie kwenye gari ukaipeleka kituoni, kwa sababu njiani wewe ni mtu mwenye silaha bila kibali. Nenda mikono mitupu, eleza ulichokikuta na mahali kilipo, wakuelekeze. Polisi wa Tanzania wamewahi kutangaza vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari bila kushtakiwa, na kipindi kama hicho ni nafasi nzuri. Kama babu alikuwa polisi wa akiba katika kaunti za wafugaji kaskazini mwa Kenya na ameacha Mark Four, yaani Lee-Enfield Na. 4 ya Kiingereza, hiyo si ya familia hata kidogo. Ni ya serikali, na inarudi serikalini.

Ughaibuni, mwaka uliochapwa kwenye chuma unaweza kuamua kila kitu. Marekani, kwa sheria ya shirikisho, bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake huhesabiwa kuwa ya kale. Baadhi ya majimbo yana masharti yake zaidi. Uingereza, Mauser ya mwaka 1871 ya milimita 11 imo katika orodha ya vipenyo visivyotumika tena, kwa hiyo inaweza kutunzwa kama pambo la kale bila cheti, lakini .303, ile ya Lee-Enfield, bado ni risasi inayotumika na inadai cheti hata kama bunduki ina miaka 110. Kwa hiyo kusoma chapa ni kazi ya lazima, hata kwa mtu asiyejali historia.

Sasa usalama, na hapa kuna mtego mmoja unaostahili kuelezwa taratibu. Bunduki iliyowahi kukaa nusu karne ukutani ichukulie kuwa imejaa. Elekeza mdomo wa mtutu mahali salama, kidole mbali na kifyatulio, nyanyua mkono wa komeo (chuma kinachofunga nyuma ya mtutu), livute nyuma mpaka mwisho, tazama ndani ya chemba, kisha ingiza kidole kidogo uhakikishe. Kwenye Lee-Enfield za zamani, zile za Mark III zisizo na alama ya nyota baada ya III, kuna kibati chembamba upande wa kulia, chini ya komeo, kinachosukumwa ndani ili kufunika risasi za magazini, askari atumie moja moja na kuweka zile 10 akiba. Kikiwa kimesukumwa ndani, ukifungua komeo utaona sakafu tupu ya chuma na kuamini bunduki haina kitu, kumbe magazini imejaa chini yake. Kivute kibati kije nje, kisha bana kilimi kidogo kilichomo ndani ya kingo ya kifyatulio, mbele ya kifyatulio chenyewe, uitoe magazini nzima. Ukikuta risasi, ziache zilipo na umwachie polisi au fundi mwenye leseni. Usijaribu hata moja, maana baruti ya zamani haitabiriki na ganda la shaba lililochoka hupasuka.

Ikishajulikana kuwa ni tupu, chukua tochi, kitambaa laini kikavu, karatasi nyeupe na penseli. Msasa, stilwaya na kopo la vanishi vyote vibaki stoo. Tochi ilaze pembeni, mwanga upite sambamba na chuma, ndipo herufi zilizofifia zitasimama. Pasiposomeka, weka karatasi juu na upake penseli taratibu.

Tuanze na Lee-Enfield fupi, kwa kuwa ndiyo utakayokutana nayo zaidi katika nchi zilizotawaliwa na Mwingereza. Itazame pale kitako cha mbao kinapoingia kwenye kola ya chuma, upande wa kulia, chini kidogo ya mkono wa komeo. Hapo pana taji, herufi za mfalme, jina la kiwanda, mwaka na aina. V.R. ni Victoria, aliyefariki Januari 1901. E.R. ni Edward wa Saba, mpaka 1910. G.R. ni George. G.R.I. inaelekeza Ishapore, India, kwa sababu kule mfalme alihesabiwa pia kuwa Kaisari. Chini yake utakuta Enfield, au B.S.A. Co. ya Birmingham, au L.S.A. Co. ya London, au Lithgow ya Australia. Mstari wa mwisho huandikwa mfano SHT L.E. III, na penye nyota baada ya III ujue ni toleo la wakati wa vita lililorahisishwa: wameondoa kile kibati, wameondoa na vilengeo vya masafa marefu vya ubavuni. Kipenyo ni .303, urefu wa bunduki nzima ni kama sentimita 113, na uzito unakaribia kilo 4. Ikiwa uliyonayo ni fupi kuliko hapo kwa kiganja kizima, kuna mtu aliikata.

Namba nayo ina mahali pake, na si mahali pamoja tu. Iko kwenye mwili wa chuma mbele kulia, kwenye mtutu, nyuma ya mkono wa komeo, kwenye kile kichwa cha chuma cha mbele kinachopokea singe, chini ya jani la kilengeo cha nyuma, na chini ya mbao ya mbele. Ziandike zote sita, pamoja na herufi zinazotangulia tarakimu. Zikilingana, umeshika kitu adimu. Ikiwa ya komeo peke yake ndiyo tofauti, hilo ni la kawaida kwa bunduki iliyopita karakana za jeshi, lakini kabla ya mtu yeyote kufikiria kuifyatua ni lazima fundi aipime kwa geji. Risasi ya .303 hukaa kwa ukingo wa ganda lake, na nafasi iliyopo mbele ya uso wa komeo hupimwa kuanzia inchi 0.064, ikifika 0.074 imepita kiasi, ganda litapasuka nyuma, moshi na vipande vya shaba virudi usoni kwa mpigaji.

Wengi hudhani namba hiyo ukiiandika kwenye intaneti itakuletea jina la askari. Haileti. Viwanda vilirudia namba zile zile kwa herufi tofauti, na madaftari ya ghala yaliyounganisha namba na mtu kwa sehemu kubwa hayakuhifadhiwa. Kinachoweza kukufikisha kwenye kikosi ni kijidude kingine: kisahani cha shaba, kipana kama sarafu, kilichofungwa kwa skrubu upande wa kulia wa kitako. Hapo ndipo kikosi kilipochapa herufi zake, namba ya bunduki kikosini, na pengine mwezi na mwaka. Herufi K.A.R. zikitanguliwa na tarakimu zinataja batalioni: 3 ilikuwa ya Kenya, 4 ya Uganda, 6 ya Tanganyika. Ile ya 6 inanivutia kuliko zote, kwa sababu iliundwa mwaka 1917 na ndani yake wakaingizwa askari waliotekwa upande wa Mjerumani. Mtu mmoja angeweza kuapa kwa Kaisari na baadaye kwa mfalme, na wajukuu wakabaki wanabishana alikuwa wa nani.

Kisahani hicho pia kinaghushiwa. Kinatoka kwa skrubu moja tu, na visahani vipya vinauzwa. Tazama mfuo wa skrubu: ukiwa umechubuka na unang'aa wakati shaba inayouzunguka imekuwa kahawia, kimefunguliwa karibuni. Kisahani halisi kimelala sawa na mbao, na uchafu wa pembeni yake ni mmoja na wa mbao. Kukosekana kwake si kasoro. Katikati ya Vita vya Kwanza viliachwa kuwekwa ili kuokoa muda, kwa hiyo utakuta shimo limezibwa kwa mbao au halipo kabisa.

Chapa ndogo ndogo ndizo zinazosimulia safari. Mshale mpana wenye mistari mitatu ni mali ya serikali ya Uingereza. Mshale ndani ya herufi C ni Kanada, ndani ya U ni Afrika Kusini, na hii ya U ina maana kwetu kwa sababu majeshi ya Jenerali Smuts wa Afrika Kusini yalikuja Afrika Mashariki mwaka 1916. Mishale miwili iliyogusana ncha, mfano wa nyota, maana yake imeuzwa nje ya jeshi kihalali. Ukiipata hiyo, piga picha ya karibu, kwa sababu ni ushahidi kwamba haikuibwa. F.T.R. na mwaka: imerudishwa kiwandani ikafumuliwa na kutengenezwa upya. D.P.: ya kufundishia gwaride tu, na haifyatuliwi kwa hali yoyote, maana mara nyingi imekataliwa kwa ubovu usioonekana kwa macho. Mstari mdogo kwenye mtutu unaosomeka .303 2.222" na 18.5 TONS ni upimaji wa kiraia wa Birmingham au London kabla ya kuuzwa, ile 2.222 ikiwa ni urefu wa ganda kwa inchi. Neno ENGLAND peke yake ni la kusafirisha nje.

Mark Four, yaani Na. 4, inasomwa upande wa kushoto wa kola. M47C ni B.S.A., M ni Maltby, F ni Fazakerley. Namba yenye L katikati ni ya Long Branch, Kanada. Yenye C ni ya Savage, Marekani, na hiyo huwa imechapwa U.S. PROPERTY ingawa Mmarekani hakuipiganisha. Ukichungulia ndani ya mtutu ukakuta mifereji miwili tu badala ya mitano, usiambiwe kuwa imelika. Walitengeneza hivyo makusudi wakati wa vita ili kazi iende haraka.

Ile fupi ya msituni, Na. 5, ilitumika Malaya na Kenya wakati wa hali ya hatari, na kwa sababu inapendwa, watu hukata Na. 4 na kuisingizia. Ya kweli imechongwa ili kupunguza uzito: rungu la komeo limetobolewa ndani, na chini ya mbao ya juu, pale mtutu unapokuwa mnene, chuma kimepunguzwa kwa michongo. Ikiwa mtutu ni mnene bila michongo hapo, ilizaliwa Na. 4.

Tugeukie za Mjerumani. Mwaka 1914 kampuni nyingi za askari wa Schutztruppe, jeshi la koloni la Mjerumani, zilikuwa bado na Mauser ya mwaka 1871, milimita 11, inayobeba risasi moja tu na kutumia baruti nyeusi. Ukifyatua, wingu jeupe linakusimamia kichwani na adui anajua uko wapi. Ndiyo maana ushindi wa Tanga, Novemba 1914, ulikuwa na maana kubwa kwao kama ghala kuliko kama sifa: nyara za pale zilitosha kuzipa kampuni tatu bunduki za kisasa, na bombom 16 juu yake. Aprili 1915 meli Rubens ikaingia Ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga, ikifukuzwa na manowari ya Uingereza, na kutoka kwenye mzoga wake wakaokoa Mauser 98 zipatazo 1,800 na risasi zilizoloa maji ya chumvi, ambazo zilifunguliwa na kukaushwa.

Kwa hiyo bunduki ya 1871 yenye herufi Sch. D.O.A., kifupi cha Schutztruppe ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, ni kitu kikubwa, na wakusanyaji wanaitafuta kuliko Mauser nyingi zilizo mpya zaidi. Upande wa kushoto wa mwili utasoma Mod. 71, na juu ya mtutu kiwanda: Spandau, Amberg, Danzig, Erfurt au Steyr. Bila herufi hizo ni bunduki ya kawaida ya Ulaya ambayo ingeweza kuletwa na yeyote. Kwenye Mauser 98 tafuta K.S., kifupi cha Schutztruppe ya Kaisari. Juu ya pete ya mbele, pale mwili wa chuma unapoupokea mtutu, pana kiwanda na mwaka. Namba ina tarakimu nne na herufi ndogo chini yake, na herufi hiyo ni sehemu ya namba, kwa sababu kila mwaka kiwanda kilianza upya na kila herufi ilipokea bunduki elfu kumi tu. Anayekutumia namba bila herufi, kiwanda na mwaka hajakutumia kitu. Tarakimu mbili za mwisho zimerudiwa mpaka kwenye skrubu.

Hapa ndipo pana kosa ninaloliona kuwa la kawaida kuliko yote: pete ya mbele imeandikwa Berlin, na familia inafunga mjadala. Wareno waliagiza bunduki zao, Mauser-Vergueiro ya mwaka 1904, kutoka kiwanda cha D.W.M. kilichokuwa Berlin. Tofauti ni nembo ya taji lenye herufi za Mfalme Carlos wa Kwanza juu ya pete, na mkono wa komeo unaopita katikati ya daraja la nyuma lililopasuliwa, wakati kwenye Mauser 98 mkono huo hukaa nyuma ya daraja zima. Kipenyo chake ni 6.5. Nyingi zilinyakuliwa Ngomano, kambi ya Wareno, Novemba 1917, Lettow-Vorbeck alipovuka Ruvuma, na za Kireno zilikuwemo kati ya zilizowekwa chini Abercorn. Kwa hiyo hadithi ya babu inaweza kuwa sahihi kabisa na bunduki ikawa ya Kireno, na kwangu mimi huo ni ushahidi mzito zaidi kuliko Mauser 98 safi isiyo na chapa ya koloni. Tahadhari moja: katika miaka ya 1930 Wareno walizifupisha nyingi na kuzibadili kuwa 7.92. Iliyofupishwa hivyo, kama iliwahi kushikwa na askari wa Ngomano, basi baadaye iliondoka ikaenda kubadilishwa.

Kwa ndugu wa Oman, kinachorithiwa zaidi ni Martini-Henry, ile isiyo na komeo, unayoifungua kwa kubonyeza wenzo wa chini. Muscat ilikuwa soko kubwa la silaha mwishoni mwa karne ya 19. Sehemu ya hizo ni za viwanda vya Uingereza, sehemu ni za mafundi wa mpakani kati ya Afghanistan na Pakistan ya leo, walionakili kila kitu hata taji. Kwa kuwa walichonga herufi wasizozijua, waliacha alama: N imegeuzwa, jina la Enfield limekosewa, V.R. imewekwa mwaka baada ya 1901. Chuma chake hakiaminiki kwa risasi, lakini kama kazi ya mkono ina soko lake, mradi inauzwa kwa jina lake.

Upande wa karatasi, anza na za nyumbani: cheti cha kuachishwa jeshi, medali, leseni za zamani, risiti ya duka la silaha. Medali nyingi za Uingereza za Vita vya Kwanza zimechapwa jina, namba na kikosi ukingoni, kwa hiyo zigeuze pembeni kabla ya kuzing'arisha. Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, zina barua za Keya katika kundi CO 534 na shajara za vita katika WO 95. Za Wajerumani zimegawanyika: Nyaraka za Taifa Dar es Salaam zina mafaili ya utawala wao, na Berlin zipo za wizara ya makoloni katika kundi R 1001, lakini hifadhi ya jeshi la Prussia huko Potsdam iliungua kwa mabomu Aprili 1945. Inasimuliwa kwamba miaka ya 1960, Ujerumani Magharibi ilipokuja Mwanza kuwalipa askari wazee, wachache tu walikuwa na vyeti, na asiye nacho alipewa ufagio akaamriwa kwa Kijerumani afanye gwaride la bunduki. Utumishi ulithibitishwa kwa karatasi, kwa mabaki ya sare na kwa mwili uliokumbuka. Nawe ukusanye vya aina hiyo, pamoja na sauti ya mzee aliyebaki, ikitaja nani alimpa nani, wapi, mwaka gani.

Thamani sasa. Mnunuzi makini analipia mambo matano: hali ya awali, namba kulingana, chapa ya kikosi, ndani ya mtutu, na karatasi. Uzee peke yake haulipwi sana, kwa sababu Lee-Enfield zilitengenezwa kwa mamilioni. Kinachoua bei ni usafi wa kujipendekeza. Ukipiga msasa kitako, umefuta mihuri ya wakaguzi iliyokuwa imechapwa kwenye mbao, na mbao sasa imeshuka chini ya kingo za chuma, jambo ambalo kila mtaalamu hulipapasa kwa kidole kwanza. Ukipaka chuma rangi mpya, kingo za herufi zinakuwa mviringo. Bunduki iliyokatwa mbao ya mbele ili iwe nyepesi kwa kuwinda, na zilikatwa nyingi mno baada ya 1945, huuzwa kwa sehemu ndogo ya bei ya ndugu yake mzima, na kuirudishia mbao za kununua hakurudishi thamani yote.

Kosa la fundi wa nyumbani lililo baya kuliko yote kwenye Lee-Enfield fupi ni kuanza na kitako. Bolti ndefu inayoshika kitako ina ncha ya mraba iliyoingia kwenye kibati kilichomo ndani ya mbao ya mbele. Ukiizungusha kabla ya kuondoa mbao ya mbele, ncha ile inazunguka na kuipasua mbao kutoka ndani. Ukianza, anza mbele. Na kama hujawahi, usianze.

Inayotakiwa ni kidogo sana: mafuta mepesi kwenye chuma kwa kitambaa, tone la mafuta ya kitani kwenye mbao iliyokauka, mikono yenye jasho mbali. Pwani, hewa ya chumvi inataka uipanguse kila wiki. Usiifungie kwenye mfuko wa plastiki, itatoka jasho, wala kwenye ala ya ngozi kwa muda mrefu, kwani ngozi hutoa chumvi zinazogeuza shaba kijani na kuanzisha kutu.

Usikubali pia bunduki izimwe, yaani itobolewe na kuchomelewa isifyatuke tena, kabla haijatambuliwa. Kuna familia zinazochagua njia hiyo ili kuitunza kihalali, na ni haki yao, lakini haitenduki. Na. 4 ya mlenga shabaha, yenye T upande wa kushoto wa mwili, S51 chini ya kitako, na namba ya darubini iliyochapwa juu ya shingo ya kitako, inauzwa mara kadhaa ya Na. 4 ya kawaida. Ikizimwa kwa kutojua, tofauti hiyo imeyeyuka mchana mmoja.

Bei zitafute kwenye matokeo ya minada iliyokwisha, si kwenye matangazo ya wanaotarajia. Ukumbuke bei ya nyundo si inayoingia mfukoni: muuzaji hukatwa ada, na mnunuzi naye huongezewa asilimia 20 mpaka 30 katika nyumba nyingi za Uingereza, kwa hiyo anapopandisha mkono ameshazipunguza akilini. Linganisha kiwanda kwa kiwanda, mwaka kwa mwaka, na hali kwa hali.

Na kabla hujampigia mthamini picha, geuza Lee-Enfield yako utazame bamba la shaba la nyuma ya kitako. Lina kijilango. Kisukume kwa kucha, inamisha bunduki, na mara nyingi kitateleza kichupa cha mafuta cha shaba chenye kijiko chembamba ndani ya kifuniko, na kamba ya kuvutia kitambaa mtutuni yenye uzito wa shaba mwishoni. Kichupa nacho kina chapa ya aliyekitengeneza. Ikitoka na tambara kuukuu au kikaratasi kilichokunjwa, kifungue polepole mezani, kwenye mwanga, kabla mtu hajakitupa.